Godoro la Pamba Juu ya Kabati

Njooni mkae karibu, na anayetaka kulia atoke uani alie amalize ndipo arudi, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusemea, haitoshi kubembelezea watu wazima. Wewe mwanangu wa kiume, vua hiyo miwani ya kuchomelea kichwani, hapa hakuna geti la kuunga. Wewe binti yangu, acha kukunja hayo mashuka, yamekunjika tangu asubuhi. Kaa. Si hapo mlangoni, kaa huku upande wa ukutani, mtazamane na kaka yako, mpende msipende. Na wewe mkwe, shika daftari uandike, kwa sababu mimi shule niliiacha nikiwa bado nazigeuza herufi kichwa chini miguu juu, na hawa wawili nikishafumba macho kila mmoja atadai mama alisema hivi, mama alisema vile. Andika kama ninavyotamka. Usininyooshee maneno. Mgongo wangu walinyoosha wataalamu na mmeona ulivyokuwa.

Jana daktari aliwaita kwenye korido mkanong'onezana, mkidhani sisikii. Masikio yangu hayajawahi kupasuliwa, yanafanya kazi. Alisema figo zimechoka, kwamba uchafu wa ule mpira wa mkojo umepanda hadi juu, na kwamba kwa umri wangu lililobaki ni kunirudisha kitandani kwangu nipumzike. Sawa. Mimi nimekubali, na nyinyi kubalini. Lakini nilisikia na jingine. Nilikusikia wewe, mwanangu wa kwanza, ukimwambia mkeo, huyu huyu anayeandika, pale kwenye benchi, "Siku ya maziko yule asinisogelee. Asimame nyuma huko na majirani. Ndiye aliyeanza kumzika mama, siku ile alipompeleka kwenye kisu." Usiangalie sakafu, sakafu haikusema, umesema wewe. Hilo ndilo lililonifanya niwaite. Nyumba na vyombo ningewaachia mgombee wenyewe kwa nguvu zenu, lakini neno lile siwezi kuondoka nikaliacha limelala kitandani mwangu.

Sasa nisikilizeni kwa mpangilio wangu, msinidakize.

Mimi ni mshona magodoro. Kazi hiyo alinifundisha baba yenu, kisha akafa upesi kama mtu aliyesahau kitu mahali, akaniachia fimbo ya kupigia pamba, sindano ndefu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na nyinyi wawili mliokuwa bado mnayalowesha hayo magodoro. Miaka thelathini na sita nimekaa sakafuni miguu nimeinyoosha, nachambua pamba, naipiga hadi inafura, naijaza kwenye kitambaa, navuta uzi, nageuza, navuta tena. Nilikuwa nikilifumua godoro la watu najua nani analala upande gani, nani anaumwa kiuno, na nani amehamia chumba kingine huku mchana wanasalimiana kwa mapenzi mbele ya wageni. Sikumwambia mtu. Mshona magodoro akiwa na mdomo hapati wateja, kwa hiyo mdomo wangu niliuweka akiba, nikautumia kwenu.

Na hapo ng'ambo ya barabara akaja yule bwana, tuliyembandika jina la Sponji, akafungua duka la magodoro ya kiwandani, mepesi, ya rangirangi, ambayo mtu anayabeba kichwani kama mkate. Miaka ishirini hatukusalimiana ila kwa kukohoa. Nilisema mbele za watu kwamba anayelalia mali yake analalia hewa ya bei mbaya. Naye akasema kwangu mtu ananunua godoro na wadudu wake ndani. Mlikuwa mkicheka. Mimi nilikuwa sichezi.

Mgongo ulianza kidogokidogo, kisha ukaacha utani. Mguu wa kushoto ukawa unawaka moto kutoka kalioni hadi kidole gumba, nikawa siwezi kusimama kusubiri chai ichemke. Nikafika mahali pa kwenda chooni kwa kushika ukuta na kupumzika njiani. Wewe binti yangu, ambaye unafua mashuka pale hospitalini na unajua kila daktari kwa doa analoacha kwenye koti, ndiwe uliyekwenda kumsimamia yule wa mifupa mlangoni kwake, siku nne mfululizo, hadi akachoka kukuona akasema, "Mlete huyo mama yako." Picha zikapigwa, wakasema pingili mbili zimeteleza na zinabana mishipa ya fahamu, inabidi ziungwe zisitikisike tena. Wakanifungua. Wakaniwekea vyuma viwili na skrubu sita, wakabandua kimfupa nyongani wakakipachika katikati ili viote pamoja kama tawi lililofungwa kamba. Nilipoamka moto wa mguu ulikuwa umezimika. Huo ndio ukweli wa kwanza, mkwe, uandike vizuri: nilipoamka, moto ulikuwa umezimika. Yule daktari hakuharibu kazi.

Miezi mitatu, akasema. Usiiname, usijipinde, usiinue kitu kizito kuliko kikombe, na usisimame bila ule mkanda mgumu, ambao nilikuwa nikiuvaa nafanana na kobe aliyesimama wima. Kisha mnajua yaliyofuata. Mwezi wa tatu tukarudi kwa picha nyingine, na kwenye picha skrubu moja imekaa kombo, mfupa haujaota. Mwanangu ukaishika ile picha ukainyanyua dirishani, fundi wewe, ukaitazama kama unatazama kazi ya fundi mwenzako mlevi. Ukasema, "Skrubu ikikazwa sawasawa hailegei. Hapa hakuna kazi." Ukamgeukia mdogo wako mbele ya wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi, ukamwambia, "Umemkabidhi mama kwa watu hawa kwa sababu wanakupa mashuka ya kufua." Wewe binti yangu ulikuwa umeshika mkanda wangu mkononi, ukawa unafungua na kufunga ile gundi yake, chwaa, chwaa. Tangu siku hiyo hamjakula meza moja.

Ni miaka kumi na moja. Nisiwafiche, haikuwa miaka ya kulia tu, mtu huzoea kila kitu, hata kuwa kabati. Wakanifungua mara ya pili, vyuma vikawa virefu na skrubu zikawa kumi, nikageuka mtu wa kipande kimoja: nikiitwa nyuma nageuka mzima, kama mlango. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, nikawa nafika sokoni naambiwa na watu, "Bibi, ndala yako umeiacha kule." Kitu kikianguka chini kilikuwa si changu tena hadi apite mtu wa kukiokota. Pingili za juu ya vile vyuma zikachoka kubeba kazi za wenzao, nazo zikaanza kulalamika. Siku za baridi nilikuwa najua mvua kabla ya redio. Dawa za maumivu zikanifunga tumbo, na sitaeleza zaidi kwa sababu mkwe anaandika na daftari ni jipya. Halafu kibofu nacho kikasahau kazi yake, ukaja mpira, na mpira ndio huu uliotufikisha hapa.

Lakini nilishona. Hilo nataka likae kwenye maandishi. Mwanangu, ulinitengenezea meza ya chuma inayofika hapa kifuani, nikawa nashona nimesimama, robo saa kazi, robo saa ukutani. Ukanichomelea vyuma vya kushikilia chooni, ukakiinua na hiki kitanda ili nisikishukie kama mtu anayeshuka kisimani. Kila Jumapili ulikuja. Na wewe binti yangu ukaja siku nyingine zote, ukabadilisha mpira, ukanifulia, ukanikata kucha za miguu nisizoziona, na ukilala hapa Jumamosi, Jumapili asubuhi ulikuwa unatokea mlango wa nyuma ili msikutane. Nami nikawaacha. Sikieni neno hili, maana halinipambi: nikawaacha kwa sababu lilinifaa. Mlikuwa mnashindana kunitunza. Ningewapatanisha ningepata mtoto mmoja na nusu, mlipogombana nikapata wawili kamili. Hiyo ni hesabu ya mama mbaya, na niliipiga nikiwa na akili zangu timamu.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa tazameni juu ya kabati. Lile godoro la pamba, lenye mistari ya buluu, mmeniuliza mara ngapi kwa nini silalii? Nililishona mwenyewe kabla ya upasuaji, la kuugulia, pamba safi niliyoichambua mara mbili, pembe nne nimezifunga mafundo ya kujifahari. Na miaka yote hii nimelala juu ya sponji, mimi, huku lile likinitazama kutoka juu. Mkadhani ni amri ya daktari. Daktari hakuwahi kusema habari ya godoro.

Nilipotoka hospitali, binti yangu, ulilipandisha la pamba juu ya kabati ukatandika sponji ulilolinunua kwa yule bwana wa ng'ambo, ukasema, "Mama, hili ni jepesi kugeuza, nitaliweza peke yangu." Ulikuwa na haki. Mimi nikanuna wiki sita. Siku moja mchana ulikwenda kufuata dawa, na jirani akapita dirishani akanipa habari: Bwana Sponji amesikia natoka kwenye hatari, anakuja kuniona alasiri hiyo. Wanangu, damu ilinipanda. Mtu yule aje anikute nimelala juu ya mali yake, chali, siwezi hata kukaa, na jina la kiwanda limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kama bango! Nilisema heri nife.

Nikajibiringisha kama nilivyofundishwa, nikashusha miguu, nikasimama. Mkanda sikuvaa, ulikuwa mbali. Nikachukua fimbo ya kupigia pamba nikalivuta lile godoro kutoka juu, likaja kwa pamoja, pwaa, sakafuni. Ningeishia hapo ningekuwa mjinga wa kawaida. Lakini mimi niliinama. Nikalishika pembe mbili, kama nilivyoyashika magodoro miaka thelathini na sita, nikalinyanyua hadi magotini na kujipinda kulirusha kitandani, na humu ndani kitu kikalia, ka, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Hakikuuma. Kilipata joto tu, kama mtu amenimwagia chai mgongoni polepole.

Nikaliachia. Nikarudi kwenye sponji langu nikalala. Ulipoingia na dawa ukauliza, "Mama, hili nalo?" Nikakwambia, "Limeanguka lenyewe. Uliliweka vibaya." Na wewe ukasema, "Nisamehe mama, lingekuangukia." Ukalinyanyua peke yako, ukalirudisha juu.

Mnaona? Ukaniomba msamaha.

Daktari alipoona picha aliniuliza mbele yenu, "Bibi, kuna kitu uliinua?" Nikamjibu, "Hata kijiko." Mlisikia wote. Akasema wakati mwingine mfupa hukataa tu kuota, hata kwa mgonjwa mtiifu, na skrubu hulegea. Akajibebesha lawama yule mtoto wa watu, na wewe mwanangu ukaichukua nusu ukamtupia dada yako, na mimi nimekaa katikati na mkanda wangu, nimefumba mdomo. Mdomo huu mnaouita pilipili. Siku moja uliyohitajika ukageuka maziwa.

Labda ingelegea hata kama ningelala kama gogo. Sijui, wala daktari hajui, na msije mkasema mama alifahamu. Ninachofahamu ni kwamba niliinama, nikadanganya, na mtu mwingine akabeba. Mwanangu, dada yako hakunipeleka kwenye kisu. Alinipeleka mahali moto ulipozimwa, na mimi nikaja kuuwasha mwenyewe kwa sababu ya jina la kiwanda.

Nini? Mwache. Mwacheni mwanangu akae hapo sakafuni. Ukitaka kunikasirikia nawe, binti yangu, nikasirikie, una haki kumzidi huyu kaka yako, lakini fanya haraka, sina siku nyingi za kukasirikiwa.

Nimalizie lile la alasiri. Bwana Sponji alikuja kweli. Akaketi kwenye kiti cha wateja. Mimi natoka jasho, nasubiri kejeli. Akatazama kitanda, akaona yale maandishi. Aliuvuta upindo wa shuka taratibu, akaufunika ubavu wa godoro, akaniuliza habari za mguu. Baada yake wakaja wageni wengine, na hakuna aliyejua nimelalia nini. Miaka ishirini ya kukoholeana, halafu mtu anakufunika hivyo. Niliharibu mgongo wangu kwa kumkimbia mtu ambaye angenisitiri. Siku ya maziko mpeni kiti mbele, pamoja nanyi. Mwambieni mama alisema godoro lake si baya. Asiongezewe sifa zaidi ya hiyo, atavimba.

Andika sasa, mkwe, haya ya vyombo. Chumba cha mbele, cha kushonea, na hiki ninamolala, ni vya binti yangu, atoke kwenye kile chumba cha kupanga ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Vyumba viwili vya nyuma na ua ni vya mwanangu, alete mitungi yake ya gesi, achomelee hapo badala ya kando ya barabara. Mlango wa nyuma uzibwe kwa matofali. Nasema uzibwe, wiki hiyo hiyo, mwanangu utauziba wewe, ili kila anayeingia na kutoka apite mlango mmoja. Nyumba isiuzwe mmoja wenu akiwa hai. Sindano ndefu na fimbo ni zako, mkwe. Usiache kuandika ukatabasamu. Miaka yote hii nimekuona ukirudia pindo zangu nikiwa nimelala, na pindo zako ni nzuri kuliko zangu. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kujitahidi.

Hivi vyuma mgongoni mwangu vizikwe pamoja nami. Fundi, nakujua. Usije ukatamani kuvifukua ukavitengenezea geti.

Na lile godoro. Nikishazikwa, mlishushe nyinyi wawili, kwa mikono yenu, mtu wa tatu asiguse. Mlifumue. Mtoe pamba yote mkaianike, mkae sakafuni mkaichambue, mmoja huku, mmoja kule, mafundo ya miaka kumi na moja hayafunguki kwa haraka, itawachukua siku tatu au nne. Zungumzeni au nyamazeni, shauri yenu. Kisha mkwe aishone upya, magodoro mawili membamba, kila mmoja alale juu ya lake.

Nimechoka. Sauti imeanza kukwama... bado kidogo.

Mwanangu, Mungu akupe mikono isiyotetemeka, na ulimi uwe mfupi kuliko wangu. Binti yangu, Mungu akupe kupumzika, ukae mahali ufuliwe wewe. Mkwe, wewe uliyekaa katikati ya hawa hukumwaga upande wowote, Mungu akuone. Wajukuu wangu wote wawe na migongo inayoinama. Mimi nimewaridhia, sina kinyongo na yeyote humu ndani. Mkiweza, nanyi... msiniwekee.

Funga daftari. Bado moja, halihitaji kuandikwa.

Ubavu umekufa huu. Nigeuzeni. Siku zote mkwe ananigeuza na huyu, au ananigeuza na huyo. Leo mkwe akae. Nyinyi wawili. Mwanangu zunguka kule, shika shuka hapa begani na hapa nyongani. Binti yangu shika huku, yeye hajui, mwelekeze. Mwambie. Ndiyo, mwambie kwa mdomo.

Kwa pamoja, eeh. Mmoja akitangulia... vile vyuma vinalia. Hesabuni. Sitaki mmoja ahesabu, hesabuni wote.

Moja.

Mbili.

Aah. Hapo. Hapo hapo... sasa naona dirisha.

Kumbe mnaweza.